Jezi ya Kipa na Namba Yake

Ilikuwa 24 Januari 2022, Uwanja wa Olembe, Yaoundé. Komoro wanaingia kucheza na wenyeji Kamerun, hatua ya 16 bora ya AFCON, na anayeelekea langoni ni Chaker Alhadhur. Alhadhur ni beki wa kushoto. Kipa Salim Ben Boina aliumia kwenye mechi iliyoitoa Ghana mashindanoni, na wenzake wawili wamekwama kwa sababu ya UVIKO-19. Kanuni za CAF hazikuacha mlango: ukiwa na wachezaji 11 wanaoweza kucheza unacheza, uwe na kipa usiwe naye.

Basi akavalishwa jezi ya kipa. Mgongoni vikabandikwa vipande vya plasta vikachora tarakimu moja: 3.

Dakika ya 7 Nadjim Abdou akala kadi nyekundu. Wakiwa pungufu, bila kipa wa kweli, Komoro walifungwa 2-1 tu, na Youssouf M'Changama akaipiga ile faulo ya mbali ambayo watu wanaitazama mpaka leo. Yote hayo mnayajua.

Kilichonikaa kichwani ni plasta.

Wiki kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu alihangaika kuichora ile 3. Dunia nzima ilishajua kwamba langoni kuna beki. Mwamuzi alimwona kwa rangi ya jezi. Kama kuna usiku ambao namba ya kipa haikuwa na kazi yoyote, ulikuwa ule. Hata hivyo mtu alikaa chini chumbani na mkasi akaihangaikia, na nilivyozidi kulifuatilia jambo hili ndivyo nilivyozidi kuona kwamba alifanya jambo sahihi kabisa, na kwamba wengi wetu tunaoipenda namba 1 tunaipenda kwa sababu zisizo zake.

Rangi ni ya kazi, namba ni ya mtu

Sheria ya 4 ya soka inamtaka kipa avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine wote na waamuzi. Sharti la namba halimo humo. Namba huja na kanuni za mashindano, na kila mashindano yana zake. Sheria inafika mbali zaidi: ikitokea makipa wote wawili wamevaa rangi moja na hakuna mwenye jezi nyingine, mwamuzi aruhusu mchezo uendelee.

Kwa hiyo anayeruhusiwa kudaka anatambulika kwa rangi. Namba inajibu swali lingine: huyu ni nani kwenye fomu ya mechi?

Mwamuzi akitoa kadi anaandika namba. Mwamuzi wa akiba akiinua ubao anaonyesha namba. Kamishna akijaza ripoti anaandika namba, kisha anatafuta jina lililo mbele yake. Alhadhur aliorodheshwa na 3. Laiti angecheza na jezi ya mwenzake bila kufunika namba iliyokuwapo, kila kitu ambacho angekifanya usiku ule kingeandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa karantini.

Hatari ya mwamuzi kumkosea mtu si ya kufikirika. 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Zaire wanachapwa na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia. Yalipofika matatu, dakika ya 21, kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi Mwamba, kipa wa Mazembe ya Lubumbashi aliyevaa 1, akamwingiza Tubilandu mwenye 12. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mpira wavuni. Katika zogo la bao hilo Ilunga Mwepu akampiga mwamuzi teke, naye mwamuzi akamtoa Mulamba Ndaye, ambaye hakufanya kitu. Mwepu alikuwa na 2, Ndaye 13. Mechi iliisha 9-0, na yule mwenye 2 akabaki uwanjani.

Namba zilikuwapo, kubwa na safi. Mwamuzi hakuisoma namba.

Mpira wa mikono ulilitatua suala hili vizuri kuliko soka. Kabla ya mabadiliko ya Julai 2016, timu iliyotaka kumtoa kipa na kuongeza mshambuliaji ilimvalisha mchezaji huyo kizibao cha rangi ya kipa. Vizibao vingi vilikuwa na uwazi mgongoni, au plastiki angavu, ili namba yake mwenyewe ionekane kwa ndani. Rangi inasema kazi ya dakika hizi, namba inasema mtu ni yule yule. Ni ile plasta ya Olembe, ila imefikiriwa mapema na kushonwa vizuri.

Netiboli imekwenda upande wa pili kabisa. Aliyecheza UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, anajua: hakuna namba pale, kuna GK, GD, WD, C, WA, GA na GS, mbele na nyuma, juu ya kiuno. Herufi ni za nafasi. Ukitoka GK, mlinzi wa goli, ukaenda GD, unavua unabadilishana na mwenzako. Mwamuzi wa netiboli hahitaji kujua wewe ni nani. Anahitaji kujua kama unaruhusiwa kuingia kwenye duara, na GK anaishia theluthi yake ya ulinzi na duara lake. Akivuka mstari, herufi za kifuani zinamshtaki.

Soka ilianza ikifanana na netiboli, kisha ikahama. Nadhani kipa hakuhamishwa vizuri.

Moja haikuanza kuwa heshima

29 Aprili 1933, fainali ya Kombe la FA. Everton walivaa 1 mpaka 11, Manchester City 12 mpaka 22. Kipa wa Everton, Ted Sagar, alikuwa na 1. Kipa wa City, Len Langford, alikuwa na 22, kwa sababu City walihesabu kwa kurudi nyuma. Everton walishinda 3-0 na namba ya Langford haikuwa na lawama yoyote.

Hesabu ilianzia langoni kwa sababu michoro ya vikosi iliandikwa hivyo: kipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Basi. Mwaka 1939 ligi ya Uingereza ikazifanya namba kuwa lazima, na kila Jumamosi aliyeanza langoni alivaa 1. Kipa wa kwanza akiumia, wa pili alivaa 1 wiki iliyofuata. Haikuwa mali ya mtu, kama GK isivyokuwa mali ya msichana yeyote.

Mabadiliko yaliingia na Kombe la Dunia la 1954, namba zilipofungwa kwa mtu kwa mashindano yote. Hapo ndipo namba ilipoacha kuwa kiti na kuanza kuwa jina.

Kuna nchi zilizolielewa hilo mapema zikalifuata hadi mwisho. Uholanzi ya 1974 iligawa namba kwa alfabeti, isipokuwa Johan Cruyff aliyebaki na 14 yake. Namba 1 ikamwangukia Ruud Geels, mshambuliaji. Kipa Jan Jongbloed akapata 8. Argentina ya 1978 ikafanya vivyo hivyo: 1 kwa kiungo Norberto Alonso, na kipa Ubaldo Fillol akavaa 5. Fainali ya mwaka huo, Buenos Aires, ilikuwa na Fillol langoni na 5 mgongoni, na upande wa pili Jongbloed bado na 8.

Fainali ya Kombe la Dunia, makipa wawili, hakuna 1. Hakuna aliyechanganyikiwa nani adake.

Mwaka 1982 Argentina walirudia: Osvaldo Ardiles, kiungo, na 1, Fillol na 7. Mwaka 1986 Nery Pumpido alibeba kombe akiwa na 18. Baadaye FIFA wakafunga mlango, na leo kanuni za Kombe la Dunia zinataka 1 apewe mmoja wa makipa.

Nilipokuwa nalifikiria hili, hapa ndipo niliposita. Kama rangi inatosha kumtambulisha kipa, na kama fainali ya 1978 ilichezwa bila shida, kanuni hii inalinda nini?

Ahadi inayochapwa mwezi wa saba

Jibu la kwanza lililonijia ni kwamba inalinda mazoea, na mazoea yana thamani yake. Sisi wenyewe tunamtaja beki wa kushoto kwa tatu na kiungo mkabaji kwa sita, hata kama mgongoni ana 27. Lakini mazoea yale yale yana gharama, na wanaoilipa ni makipa.

Ligi Kuu ya Uingereza ilianza namba za msimu mzima mwaka 1993. Tangu hapo klabu inamchapia mtu 1 mwezi wa saba, kabla ya mechi hata moja. Kwa beki au kiungo namba yake ni pambo, maana nafasi zipo kumi na kuna kuzungushwa. Kwa kipa nafasi ni moja. Anayevaa 1 ameambiwa jambo mbele ya watu wote, na kocha akibadili mawazo mwezi wa kumi hakuna wa kuifuta.

Msimu wa 2023/24 Arsenal walikuwa na Aaron Ramsdale mwenye 1 na David Raya mwenye 22. Mnaojua kukesha na Arsenal mnakumbuka: mwezi wa tisa 22 akaingia langoni na tangu hapo akawa chaguo la kwanza. Ramsdale alimaliza msimu benchi akiwa na 1 mgongoni, na kamera ikimtafuta kila Raya alipokosea.

Argentina ya 2022 ilionyesha kwamba inaweza kuwa nyepesi. Namba 1 ilikuwa ya Franco Armani. Emiliano Martínez alicheza mechi zote na 23, akadaka matuta ya robo fainali na ya fainali, akachukua tuzo ya kipa bora. Upande wa pili Hugo Lloris wa Ufaransa alikuwa na 1. Katika kikosi kile kila mtu alijua nani anadaka kabla ya ndege kuruka, hivyo namba haikubeba ujumbe wowote.

Nadhani siri iko hapo. Namba inaumiza pale inapotangulia uamuzi.

Ujerumani 2006 ni mfano wa pili, na ulikuwa mchungu zaidi. Kocha Jürgen Klinsmann aliwashindanisha makipa Oliver Kahn na Jens Lehmann kwa muda mrefu, halafu mwezi wa nne akatangaza kwamba ni Lehmann. Baada ya hapo ndipo namba zikagawiwa: Lehmann 1, Kahn 12. Kahn alikuwa amevaa 1 kwenye fainali ya 2002. Ilimuuma. Lakini aliyekuwa langoni na aliyekuwa na 1 walikuwa mtu mmoja, na kabla ya matuta ya robo fainali dhidi ya Argentina Kahn alimfuata Lehmann akampa mkono. Mechi ya mshindi wa tatu Kahn alicheza na 12 yake, wakaifunga Ureno 3-1.

Hispania wametengeneza ngazi waziwazi. Kwenye La Liga kipa aliyesajiliwa kikosi cha kwanza anavaa 1, 13 au 25, basi. Mfuate Thibaut Courtois tangu atue Real Madrid 2018: msimu wa kwanza 25, kwa sababu Keylor Navas alikuwa na 1, msimu uliofuata 13, kisha 1. Kwa kuangalia mgongo tu unasoma alivyopanda. Na Wojciech Szczęsny alipoitwa Barcelona msimu wa 2024/25 ukiwa umeshaanza hakuchagua kitu. 1 ilikuwa ya ter Stegen, 13 ya Iñaki Peña, akachukua 25 iliyobaki.

Ufaransa kwa desturi wanawatengea makipa 1, 16 na 30. Ndiyo maana 16 ilimkaa Édouard Mendy alipokuwa Rennes, akaenda nayo Chelsea, akaivaa na Senegal walipotwaa AFCON, ile ile ya Olembe.

Kwa mtazamo wangu Wafaransa ndio wamepatia. Namba 16 na 30 ni za kipa moja kwa moja, lakini hazionekani kama cheo cha chini. Kijana anaweza kuichukua 16 akakua nayo. Wahispania wanakulazimisha uihame, kwa sababu 25 imeshajulikana kuwa ni ya mtu wa tatu.

Walioikataa

Wapo walioikwepa 1 kwa hiari. Gianluigi Donnarumma alianza Milan akiwa na miaka 16 na 99 mgongoni, mwaka wake wa kuzaliwa. Cristiano Lupatelli alidaka Chievo akiwa na 10. Kwetu, Aishi Manula aliijengea jina 28 pale Simba, na Djigui Diarra ameifanya 39 ijulikane Yanga kiasi kwamba watoto wanaocheza langoni mtaani wanaiandika kwa kalamu ya wino mzito.

Uhuru huo una mtego wake. Gianluigi Buffon, akiwa Parma mwaka 2000, alichukua 88. Jumuiya ya Wayahudi nchini Italia ikalalamika, kwa sababu Wanazi mamboleo huitumia 88 kama salamu ya siri kwa Hitler. Buffon alisema hakujua, akabadili kuwa 77, na alipokuja kurudi Juventus baada ya kuiacha 1 akaichukua tena 77. Anayegawa namba afanye uchunguzi kidogo kabla ya kuchapa.

Upande wa pili kuna wasio makipa walioitaka 1. Pantelis Kafes, kiungo wa Ugiriki, aliivaa miaka mingi. Edgar Davids aliivaa Barnet, klabu ndogo ya Uingereza, msimu wa 2013/14 akiwa kocha na kiungo kwa pamoja. Hili, tofauti na 10 ya Lupatelli, silipendi. Barnet walikuwa na kipa, na kipa yule alinyimwa kitu kidogo ambacho kazi yake ilikuwa imekizoea kwa zaidi ya miaka 70.

Magongo ya barafu Marekani na Kanada yana kisa kinachofaa hapa. Makipa wa NHL wana desturi yao, 1, 30, 31 na 35, ingawa wakubwa kama Patrick Roy na 33, au Dominik Hašek na 39, walikwenda njia yao. Mwaka 1977 John Davidson wa New York Rangers alivaa 00, na miaka ya 1990 Martin Biron wa Buffalo naye akaivaa. Ligi ikaja kuziondoa 0 na 00, kwa sababu mfumo wa takwimu haukujua kuzihifadhi. Anayeandika ndiye mwenye namba, tangu mwanzo.

Mambo yanayoharibika

Sasa nije kwenye jezi yenyewe, maana timu nyingi za daraja la chini hukwama hapa na si kwenye falsafa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua jezi moja ya kipa. Seti inakuja na jezi za ndani kumi na kitu na ya kipa moja, saizi kubwa, namba 1. Kipa akiumia, wa akiba anaisubiri avue, anaivaa ikiwa imelowa. Kwenye fomu ameandikwa 12 au 18. Mgongoni ana 1. Na 1 tayari ametolewa kwa ubao. Kwa mwamuzi mwenye kufuata kanuni hilo ni tatizo, na kwa timu pinzani inayotafuta sababu ya kukata rufaa ni zawadi. Kila kipa kwenye fomu awe na jezi yake, na kama pesa inatosha, rangi mbili.

Kosa la pili ni rangi ya tarakimu. Jezi za makipa ni za kung'aa: njano kali, kijani kibichi, chungwa. Tarakimu nyeupe juu ya njano kali haisomeki kutoka jukwaani, wala kutoka kwa mwamuzi wa akiba jua likiwa kichwani. Njano na chungwa ziandikwe nyeusi au samawati iliyokoza. Jezi yenye michoro mingi inahitaji tarakimu yenye ukingo wa rangi nyingine. Kanuni za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 35; kwenye kiwanja cha vumbi usishuke chini ya 30.

La tatu ni kubanduka, na kwa kipa si sawa na kwa winga. Kipa anaangukia bega na ubavu, na mgongo wake unasugua ardhi ngumu mara nyingi kwa mazoezi ya siku moja. Namba huanzia kuinuka kwenye pembe za nje. Angalia pia kinachobaki: 18 ikipoteza 8 inakuwa 1, na 12 ikipoteza 2 inakuwa 1. Nimeshaona picha za vikosi zenye "1" wawili, na sababu ni hiyo.

Kinga yake iko kwa fundi. Karatasi nyingi za kubandika kwa joto zinataka nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 15 hivi, lakini jezi za kipa karibu zote ni poliesta, na poliesta nyekundu au samawati ikipata joto hilo huachia rangi yake ipande juu: tarakimu nyeupe inageuka waridi ndani ya siku chache. Kwa jezi hizo omba karatasi ya joto la chini, ile ya nyuzi 120 hadi 130. Mshono wa mgongoni ukipita chini ya tarakimu, fundi aweke kitambaa kinene au mto mwembamba ndani ya jezi, vinginevyo bamba la mashine ya joto linakaa juu ya mshono na pande zake hazishiki. Pembe za tarakimu zikatwe mviringo. Jezi isifuliwe kabla ya saa 24, kisha ifuliwe nje ndani, maji ya baridi, isianikwe juani tarakimu zikiangalia jua.

Kushona ndiko kunakodumu zaidi. Kuna uzito wake na jasho halipiti vizuri, lakini kwa jezi ya mazoezi ya kipa ningeshona.

Jezi tupu

Kwenye mashindano yake FIFA inataka kila timu ije na jezi za kipa zisizo na jina wala namba, kwa rangi zile zile za makipa wake, kwa ajili ya siku mchezaji wa ndani anapolazimika kwenda langoni. Ni kanuni ndogo na watu wachache wanaijua. Nilipoikumbuka ndipo ile plasta ya Olembe iliponikaa sawa: hakukuwa na ubabaishaji pale, kulikuwa na mtu anayetimiza kwa mkono kile ambacho kanuni inakitaka.

Timu yoyote inaweza kujiandaa hivyo. Jezi moja tupu, saizi kubwa kabisa ili imtoshe yeyote, rangi isiyogongana na jezi zenu zote mbili. Ikae chini ya begi pamoja na mkasi na roli ya plasta nyeupe ngumu ya upana wa sentimita 5, ile ya kufungia vifundo vya miguu. Plasta laini inayovutika haifai; inafuata kitambaa kinavyotanuka na inajikunja. Kama jezi ni nyeupe, tepu nyeusi ya umeme inafanya kazi, ila ni nyembamba, ubandike mistari miwili sambamba.

Tarakimu ichorwe kwa mtindo wa kikokotoo, mistari minyoofu tupu. 3 yenye urefu wa sentimita 25 inahitaji vipande vitatu vya kulala vya sentimita 15 na kimoja cha kusimama cha 25 upande wa kulia, yaani sentimita 70 kwa jumla. 8 inahitaji 95. Namba ya tarakimu mbili, punguza vipande vya kulala viwe 10 ili vyote vienee.

Jezi ilazwe juu ya meza ikiwa kavu. Hili lina umuhimu kuliko mengine. Plasta iliyobandikwa kwenye jezi ambayo mtu ameshaivaa na kutoka jasho haimalizi dakika tano. Katikati ya mechi, kadi ikishatoka, hakuna dakika tano za kuchezea; kwa hiyo kocha ajue tangu Ijumaa nani ataingia langoni ikibidi, na namba ya mtu huyo ibandikwe kabla ya kuondoka kambini. Beki mrefu si lazima. Tafuta asiyeogopa kuangukiwa na anayejua kudaka krosi.

Siku yenyewe, mwamuzi aarifiwe kwanza, na mabadiliko yafanyike mpira ukiwa umesimama. Mchezaji akibadilishana na kipa bila mwamuzi kujua, mchezo unaendelea, na mpira ukitoka wote wawili wanapewa kadi ya njano. Ni kadi ya bure kuliko zote katika soka.

Ningegawa hivi

Makipa watatu wa msimu ningewapa 1, 16 na 30, na 1 nisingeichapa mpaka kocha aseme jina. Kama mwezi wa saba unaisha na kocha bado anawapima, basi wawili waanze na 16 na 30, na 1 ibaki kabatini msimu mzima ikilazimu. Kanuni za ligi nyingi hazimlazimishi mtu kuivaa. Kama yupo aliyekwishatumikia klabu miaka mingi na atabaki benchi, yeye ndiye ningempa 1, kwa maelezo ya wazi mbele ya wenzake kwamba ni ya utumishi wake, halafu anayedaka adake na 16.

Na fomu ya mechi ijazwe na mtu aliyezishika jezi zenyewe mkononi asubuhi hiyo, akisoma mgongo wa kila moja, si kwa kunakili fomu ya wiki iliyopita.